Kujenga ndege gerejini: kutoka kupima mlango hadi kuruka mara ya kwanza

Kabla hujanunua hata ribiti moja, chukua utepe ukapime mlango wa gereji. Pima upana, pima kimo, halafu pima njia yote ya kutokea hadi barabarani. Gereji ya gari moja, yenye upana wa kama mita 3 na kina cha mita 6, inatosha kwa ndege nyingi za viti viwili, kwa kuwa mabawa hujengwa peke yake na kufungwa uwanjani siku za mwisho. Vinavyokwama mlangoni ni vile ambavyo mtu hakuvifikiria: magurudumu yaliyofungwa mapema, au mkia mlalo uliogandishwa kwa gundi na usiong'oka tena. Chora vipande vikubwa kwa vipimo vyake kwenye karatasi, vikate, uvipitishe kwenye mlango uliouchora kwa kipimo hichohicho. Ni kazi ya nusu saa, na imewaokoa watu kubomoa ukuta.

Ukimaliza mlango, pima saa zako. Ndege ya alumini ya viti viwili inayojengwa kwa seti ya vipuri hula kati ya saa 1,500 na 2,500. Chukua 2,000. Ukipata saa 10 kwa wiki, hizo ni wiki 200, karibu miaka minne. Hesabu hii usiifiche kwa watu wa nyumbani kwako. Kaa nao, waambie miaka minne, waambie kutakuwa na kelele za kompresa na harufu ya rangi, mkubaliane saa ya kuzima nyundo usiku. Nimeona ndege nyingi zilizoachwa nusu, na chache sana ziliachwa kwa kushindwa ufundi. Nyingi zilikufa kwa sababu mjenzi alijenga akiwa mbali na watu wake, mpaka gereji ikawa ugomvi.

Hatua ya 1: Chagua ndege utakayoirusha kweli

Usianze kwa kuuliza ipi ina mbio. Jiulize Jumamosi ya kawaida utaruka kwenda wapi, na nani, kutoka uwanja wa namna gani. Uwanja mfupi wa majani unataka ndege inayotua polepole, yenye magurudumu makubwa. Safari ndefu zinataka nyingine kabisa. Kisha mtafute mtu aliyekwisha kuijenga hiyo unayoitamani, ukae ndani yake. Magoti yanagusa dashibodi? Kichwa kinagusa kioo? Hayo hayaonekani kwenye picha.

Kuna njia nne kuu za ujenzi, na kila moja ina watu wake. Mbao na kitambaa ndiyo kongwe. Bernard Pietenpol wa Cherry Grove, Minnesota, alirusha ndege yake ya mbao mwaka 1929 kwa injini ya gari, Ford Model A, na hadi leo wapo wanaoijenga kwa michoro yake. Mabomba ya chuma yaliyochomelewa na kuvikwa kitambaa yanamfaa anayependa kuchomelea. Alumini na ribiti ndiyo iliyoenea zaidi siku hizi: kampuni ya Van's Aircraft, iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven mwaka 1973, ina ndege zaidi ya 10,000 zilizojengwa na wateja wake na kuruka. Ya nne ni faiba, yaani kitambaa cha kioo, na epoksi, gundi ya kuchanganya inayoganda ikawa ngumu. Burt Rutan, mchoraji wa ndege wa Marekani, aliieneza miaka ya 1970 kwa kuonyesha kwamba mtu anaweza kukata povu gumu kwa waya wa moto, akalivika kitambaa cha kioo na epoksi, akapata bawa bila kutengeneza kalibu.

Usichague kwa jinsi ndege inavyopendeza peke yake. Chagua kazi ambayo mikono yako inaifurahia, maana utaifanya maelfu ya mara. Asiyependa kupiga msasa asiguse faiba.

Na chagua muundo uliokwisha ruka sana, mikononi mwa watu wengi. Henri Mignet wa Ufaransa alichapisha mwaka 1934 michoro ya ndege yake ndogo, Pou-du-Ciel, na watu wakaijenga kwa wingi katika vibanda vyao. Ikaanza kuua. Mwaka 1936 majaribio kwenye vichuguu vikubwa vya upepo, Uingereza na Ufaransa, yalionyesha chanzo: pua ikiinama kupita kiasi, upepo kati ya mabawa yake mawili ulimnyima rubani uwezo wa kuinyanyua tena. Wale wajenzi hawakuwa wazembe. Walijenga vizuri kitu ambacho kilikuwa bado hakijapimwa vya kutosha.

Hatua ya 2: Makaratasi kwanza

Nenda kwenye mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako kabla ya kuanza. Marekani, mjenzi lazima aonyeshe kwamba sehemu kubwa ya kazi imefanywa na watu waliojenga kwa kujifunza au kujifurahisha. Wajenzi huita hiyo kanuni ya asilimia 51. Uingereza, chama cha Light Aircraft Association husimamia, na mkaguzi wake huja kutia sahihi hatua kwa hatua. Ukifunga bawa kabla hajaliona ndani, utalifungua. Kila nchi ina utaratibu wake. Wa kwako uujue leo.

Hatua ya 3: Tafuta macho ya watu wengine

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo hatua ambayo wengi huiacha.

Mwaka 1953 Paul Poberezny na wenzake walianzisha huko Milwaukee, Marekani, chama cha wajenzi wa ndege, Experimental Aircraft Association, kwa kifupi EAA. Tangu 1970 mkutano wao mkuu wa kila mwaka hufanyika Oshkosh, Wisconsin, na ndege zaidi ya 10,000 hushuka wiki hiyo. Lakini uti wa mgongo wa chama si Oshkosh. Ni matawi, yaani watu kumi au ishirini wanaokutana kwenye gereji ya mmoja wao, wanasimama kuzunguka bawa ambalo halijakamilika, wanalishika, wanauliza. Wapo wajenzi wazoefu wanaojitolea kuja kukagua kazi yako bila malipo. Mwite mmoja. Kama kwenu hakuna chama, mtafute fundi wa ndege, hata aliyestaafu, umwombe awe anapita.

Gereji ya mjenzi wa ndege ina desturi zake na utazizoea upesi. Mlango huachwa wazi mtu anapofanya kazi. Anayeingia haondoki bila kupewa kitu cha kushika. Vifaa vya bei kubwa vinavyotumika mara moja, kama mizani ya kupimia ndege, huzunguka kutoka gereji hadi gereji, na aliyeazima hurudisha vikiwa safi kuliko alivyovichukua. Na kuna ukuta. Kila gereji niliyoingia ina kipande kilichoharibika kimetundikwa kwenye msumari.

Changu ni mhimili wa mkia. Nilitoboa matundu mawili karibu mno na ukingo, nikayaona, nikasema moyoni hayataonekana yakishafunikwa. Jioni hiyo akaja mzee mmoja, fundi mstaafu, kunisaidia kukinga ribiti, yaani kuizuia kwa chuma upande wa pili ninapoipiga. Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo, kidole kikasimama.

"Kijana, hili tundu umeliona?"

"Nimeliona, mzee."

"Basi nipe msumari na nyundo."

Nilidhani anataka kupigilia kitu kwenye meza. Akaenda ukutani, akapigilia msumari, akautundika mhimili wangu juu yake. Hakusema neno jingine. Niliagiza mwingine, nikasubiri wiki tatu, nikaanza upya. Tangu siku hiyo sijaficha tundu.

Hatua ya 4: Tayarisha gereji

Meza iwe sawasawa. Meza iliyopinda itakupa bawa lililopinda, na bawa lililopinda litaivuta ndege upande mmoja maisha yake yote. Taa ziwe nyingi, na moja ya kushika mkononi ya kumulika ndani ya vipande. Kwa alumini utahitaji kompresa, nyundo ya hewa, drili, tupa, na vile vishikizo vya springi vya kubana mabati kwa muda ambavyo wajenzi huviita kleko. Nunua mia kadhaa, hazitoshi kamwe.

Kinga ya masikio na miwani si hiari. Kwa epoksi vaa glavu tangu siku ya kwanza, kwa maana ngozi inaweza kuikataa ghafla baada ya kuizoea kwa miezi, na ikishaikataa hairudi. Usichanganye kikombe kikubwa ukakiacha: epoksi inapoganda hutoa joto, na ikiwa nyingi mahali pamoja huchemka hadi kutoa moshi. Changanya kidogo kidogo, kwa mizani, uimwage kwenye sinia pana.

Hatua ya 5: Anza na mkia

Karibu kila mtengenezaji wa seti humwanzisha mjenzi na mkia, na wana sababu. Ni mdogo, ni nafuu, na una kila ufundi utakaouhitaji kwenye bawa. Ukiuharibu, umeharibu kidogo. Lakini hata kabla ya mkia, piga ribiti mia kwenye mabaki ya bati.

Ribiti ya ndege ni kijiti cha alumini chenye kichwa upande mmoja. Kazi yako ni kukitengenezea kichwa cha pili. Chukua ya kipenyo cha milimita 3.2. Kitovu cha tundu lake kiwe mbali na ukingo wa bati angalau mara mbili ya kipenyo, yaani milimita 6.4. Ikishaingia, mkia wake, yaani ncha isiyo na kichwa, utokeze mara moja na nusu ya kipenyo, milimita 4.8 hivi. Mmoja anaweka nyundo ya hewa juu ya kichwa. Mwenzake, upande wa pili, anakinga mkia kwa kipande kizito cha chuma kilichosuguliwa kikawa laini kama kioo. Mnaambiana "tayari", "tayari". Nyundo inalia sekunde moja, mbili. Mkia unafutuka kati ya chuma na bati, na mlio unabadilika; baada ya siku chache sikio litakuambia kabla ya jicho. Mulika taa. Kichwa kipya kiwe na upana wa milimita 4.8 na kimo cha 1.6, kimekaa katikati, hakina nyufa. Mkono wa anayekinga ukiinama kidogo tu, mkia hulala upande.

Ribiti mbaya hutolewa: toboa katikati ya kichwa kwa kina cha kichwa tu, kivunje, kisha usukume kilichobaki. Hatari ni kulipanua tundu. Ribiti iliyolala kidogo sana wakati mwingine ni salama kuliko tundu lililoharibiwa na bidii ya kuitoa, kwa hiyo muulize mkaguzi kabla hujaishika drili.

Kuna mambo mawili ambayo wanaoanza hawaambiwi mapema. La kwanza, kila ukingo uliokatwa na kila tundu lililotobolewa lilainishwe mpaka kucha isikwame popote. Ndege hutetemeka maelfu ya saa, na ufa huanzia penye mkwaruzo. La pili, usichore kwenye alumini kwa penseli. Risasi yake ni kaboni, na kaboni ikikutana na alumini penye unyevu huila. Tumia kalamu ya wino.

Siku ambayo mkia wima utakamilika, utundike ukutani mahali utakapouona kila ukiingia. Kuna majuma utakayohitaji kuuona.

Hatua ya 6: Daftari kila siku

Piga picha kila siku ya kazi, uso wako uwemo mara kwa mara, na uandike tarehe, saa ulizofanya na ulichofanya. Mamlaka itaitaka, mnunuzi wa baadaye ataitaka. Andika na makosa. Kwa bolti na nati, baada ya kukaza kwa spana ya kupimia nguvu, vuta mstari mwembamba wa rangi kuanzia kwenye nati hadi kwenye bati. Mstari unasema kwamba hii imekazwa, na siku ukiukuta umekatika utajua nati imezunguka. Isiyo na mstari haijakazwa, hata kama unakumbuka uliikaza.

Hatua ya 7: Zuia hamu ya kuboresha

Utafika mahali utaona njia bora kuliko ya mchoraji wa ndege yako. Kila mjenzi hufika hapo. Mwandikie mchoraji, umuulize, na akikataa, acha.

Mwimbaji John Denver alikufa mwaka 1997 akirusha Long-EZ, ndege iliyochorwa na Rutan, ambayo aliinunua ikiwa imekwisha kujengwa. Kwenye michoro, swichi ya kuchagua tangi la mafuta ilikuwa mahali mkono wa rubani unafika. Aliyeijenga ile aliihamishia nyuma ya bega la kushoto. Wachunguzi walieleza kwamba ili kuifikia ilibidi rubani ageuke kitini, na katika kugeuka ni rahisi mguu kukanyaga pedali ya usukani. Wakati wa kujenga, mabadiliko yale bila shaka yalikuwa na sababu nzuri. Ndiyo maana natia mkazo: hata sababu nzuri ipeleke kwa mtu mwingine aitazame.

Kupunguza uzito ndiyo maboresho pekee ninayoyasifu bila masharti. Rangi moja ya ziada, zulia, redio ya pili, yote hayo hupandishwa angani kila safari.

Hatua ya 8: Injini na mafuta

Ndege za kujijengea zinapoanguka, kupoteza nguvu ya injini na kushindwa kuimudu ndege angani ndivyo vyanzo vinavyojirudia zaidi. Na injini ikizimika, mara nyingi kosa haliko ndani ya injini. Liko kwenye bomba, kichujio au tundu la hewa la tangi, vitu vilivyofungwa na mkono wa mjenzi.

Kwa hiyo fanya jaribio la mtiririko. Inua pua ya ndege hadi mwinuko mkali kuliko wote itakaopanda nao. Weka mafuta kidogo tangini, chomoa bomba penye kabureta, lielekeze kwenye chombo chenye alama za lita, ushike saa. Fanyia nje, mbali na cheche, na kizima moto kiwe karibu. Kama mafuta yanashuka kwa uzito wake tu, yatoke angalau asilimia 150 ya kiasi ambacho injini hula ikiwa na nguvu zote. Kama kuna pampu, asilimia 125. Tuseme injini hula lita 40 kwa saa. Asilimia 150 ni lita 60 kwa saa, yaani lita moja kila dakika. Simama na saa yako. Dakika ikiisha na chombo kikawa na robo tatu ya lita, usijiambie inatosha. Tafuta penye kubana: kona kali ya bomba, kichujio kidogo, mfuniko wa tangi usiopumua.

Hatua ya 9: Uwanjani, kwenye mizani

Siku ya kuhamisha ndege majirani wote watatoka. Waache wasukume.

Baada ya kufunga mabawa, ipime ndani ya banda, milango imefungwa ili upepo usiinyanyue, ikiwa imesawazishwa kama inavyokaa angani. Mizani tatu, moja chini ya kila gurudumu. Mfano: magurudumu makuu mawili yana kilo 160 kila moja na yako mita 1.5 kutoka mstari wa kupimia ulio mbele. Gurudumu la mkia lina kilo 20, mita 5.5. Zidisha: 320 mara 1.5 ni 480, na 20 mara 5.5 ni 110. Jumla 590, gawanya kwa kilo 340, unapata karibu mita 1.74. Hapo ndipo uzito ulipokusanyika ndege ikiwa tupu. Rudia hesabu ukiwa na rubani, abiria, mizigo, tangi likiwa limejaa na likiwa karibu tupu. Uzito ukirudi nyuma kupita mpaka uliowekwa na mchoraji, ndege inakuwa nyepesi pua na inaweza kukataa kutoka kwenye kuzama, yaani pale mabawa yanapopoteza nguvu ya kuibeba. Usiruke ukiwa nje ya mpaka hata kwa sentimita moja.

Hatua ya 10: Kuruka mara ya kwanza

Miaka minne ya kujenga huenda imekupa miezi mingi ya kutoruka. Kabla ya siku hiyo, ruka na mwalimu, ikiwezekana kwenye ndege ya aina ileile. Kama huna uhakika na mikono yako, mpe rubani aliyeizoea aina hiyo airushe. Hakuna aibu yoyote. Wewe ndiye uliyeijenga, na hilo haliondoki.

Usiwaalike watu. Umati hukufanya uruke siku ambayo upepo ulikuambia usubiri. Wawepo wawili: mmoja na redio, mwingine na kizima moto na gari. Barabara ndefu ya kurukia, asubuhi tulivu, mafuta ya kutosha lakini tangi lisijae. Usikimbize ndege barabarani kwa kasi ya karibu kuruka "kuonja", maana hapo inaweza kunyanyuka kabla hujajiandaa. Amua ukiwa bado chini: injini ikizimika nikiwa chini sana, nitashusha pua na kutua mbele yangu, sitageuka kurudi. Liseme kwa sauti kabla ya kusukuma nguvu.

Ukipanda, endelea kupanda juu ya uwanja. Zunguka hapohapo. Tazama joto la oili ya injini na shinikizo lake, sikiliza injini, jaribu polepole jinsi ndege inavyokaa kwa kasi ndogo ukiwa juu, ili ujue kasi ya kutua. Nusu saa inatosha. Tua.

Baada ya hapo kuna kipindi cha majaribio, peke yako na ndani ya eneo ulilopangiwa. Marekani kwa kawaida ni saa 25 ikiwa injini na propela ni jozi iliyoidhinishwa, na 40 ikiwa siyo. Zitumie kupima, si kutembea: kila mruko uwe na jambo moja la kujua, na kadi gotini ya kuliandika.

Lakini siku ya kwanza, ukishazima injini, usiondoke. Subiri ipoe, fungua boneti, chukua taa. Tafuta mafuta yaliyolowa penye maungio, mabomba yaliyosuguana, mistari ya rangi iliyokatika kwenye nati. Mwite mwenzako naye atazame, bila kumwambia ulichokiona. Kisha andikeni daftarini, kila mmoja kwa mkono wake.